Kutunzwa na Kutunza

Kila siku baada ya sala ya alasiri huwa nakaa barazani Kikwajuni pamoja na wazee wenzangu. Tuko watano. Mkubwa wetu ana miaka 81 na mdogo wetu ana 72. Mimi niko katikati na miaka yangu 76. Muuza kahawa akishapita na birika lake, mazungumzo huanza na maradhi: huyu sukari, yule presha, mwingine macho. Kisha huenda kwenye bei ya samaki. Na aghalabu huishia pale pale: "Zamani wazee walikuwa wakitunzwa. Vijana wa siku hizi hawana imani." Hapo sote hutikisa vichwa na hakuna anayebisha.

Sina budi kukiri kwamba maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe mara nyingi kuliko wenzangu wote. Nilisomesha tangu mwaka 1970 hadi 2009, na miaka 23 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Asubuhi ngapi nimesimama mbele ya wanafunzi mstarini, nikawaambia kwamba babu zao waliwatunza wazee na kwamba wao wanapotea! Lakini tulipokuwa Chuo cha Ualimu Nkrumah, kule Beit el Ras, tulifunzwa kwamba mwalimu wa historia hasemi "zamani" bila ya kusema zamani ipi. Somo hilo niliwafundisha wengine, mwenyewe nikalisahau. Sasa nimekuwa mzee, jambo lenyewe linanihusu, nami nimeanza kujiuliza: zamani ipi hiyo? Na wazee gani waliotunzwa, na nani?

Nianze na zamani niliyoiona kwa macho yangu.

Mwaka 1957 nilikuwa mtoto wa miaka 8 hapa hapa Ng'ambo. Katika mtaa wetu alikuwapo mzee mmoja tukimwita Babu, kwa sababu hakuna aliyekuwa mjukuu wake. Alikuja Unguja kutoka Unyamwezini akiwa kijana, akachuma karafuu mashamba, kisha akawa hamali bandarini. Mgongo wake ulikuwa umeinama kama bado umebeba gunia. Alipoishiwa nguvu, jirani mmoja alimpa kibanda uwani kwake, na kinamama wa mtaa wakawa wanapokezana kumlisha. Leo bakuli la wali linatoka nyumba hii, kesho muhogo na mchuzi wa papa unatoka nyumba ile. Mara nyingi mimi ndiye niliyetumwa kupeleka bakuli la kwetu, naye hakulipokea kabla ya kuniombea dua.

Hiyo ndiyo nusu ya hadithi tunayoikumbuka barazani, nayo ni kweli tupu. Lakini ipo nusu ya pili ambayo hatuisemi. Babu alipoanguka kitandani akawa hawezi kwenda msalani, mabakuli yaliendelea kuja lakini yakaishia mlangoni. Hakuna aliyeingia kumwosha. Kinamama waliona haya, maana si maharimu wao. Kinababa walisema wanakwenda kazini. Nami niliweka bakuli chini, nikaziba pua, nikakimbia. Zikapita siku kama kumi, kisha likaja gari la ng'ombe likamchukua. "Amepelekwa Welezo," wakasema. Hatukumwona tena.

Welezo ilikuwa na makazi ya maskini na wagonjwa wa ukoma yaliyokuwa yakiendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, serikali ya himaya ya Waingereza ikichangia gharama. Wale masista waliosha watu ambao sisi jirani zao hatukuwaosha, na kwa hilo wanastahili heshima. Lakini kwetu watoto, Welezo lilikuwa jina la kutishia. Usiku ule mama yangu aliketi juu ya mkeka, akasema kwa sauti ndogo: "Mungu asinifikishe huko." Maneno yale niliyabeba, na huko mbele nitaeleza yalinifanya nini.

Ndugu msomaji, Babu hakuwa peke yake. Unguja ilijaa watu wa namna yake, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalifanyizwa kazi na watumwa waliong'olewa kwao, kutoka pande za Ziwa Nyasa, Manyema na kwingineko. Mtumwa alinyang'anywa kazi yake, na pamoja nayo alinyang'anywa shangazi, mjomba na mpwa, yaani wale wote ambao kwa desturi zetu humbeba mtu anapozeeka. Kwa sheria ya dini bwana alipaswa kumlisha na kumvika mtumwa wake hata baada ya nguvu kumwisha. Wapo waliotimiza, na wapo ambao hawakutimiza. Kwa vyovyote, mzee yule aliishi kwa kutegemea moyo wa mtu mmoja.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Utumwa wenyewe haukufungwa. Uliendelea mpaka tarehe 6 Aprili 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuuondolea nguvu ya kisheria. Amri ile niliisomesha miaka mingi kwa tarehe yake tu, wanafunzi wakaikariri na kupata alama. Kilichomo ndani sikukitazama. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mahakamani akauombe. Na akishaupata, ilimpasa aoneshe kwamba ana mahali maalumu pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji.

Hebu mfikirie mwanamke wa miaka 65 mwaka ule. Amelima, ametwanga, amelea watoto wa watu. Anaambiwa: uko huru, na sasa tuambie utakaa wapi na utakula nini. Kijana aliweza kujibu kwa mikono yake. Yeye angejibu kwa nini? Ndiyo maana wengi hawakwenda mahakamani kabisa; walibaki walipokuwa. Hawakubaki kwa kuupenda utumwa, kama walivyodai baadhi ya watu. Walibaki kwa sababu walikuwa wazee, na mlango waliokuwa wakiujua ulikuwa ni ule mmoja.

Mwaka 1909, wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud, ilitoka amri nyingine iliyoumaliza utumwa uliobaki, pamoja na ule wa masuria ambao amri ya kwanza haikuwagusa. Safari hii waandishi wa sheria walikumbuka uzee: yule ambaye kwa kuachwa huru angekosa matunzo ya bwana wake, naye kwa uzee au ugonjwa hawezi kujilisha, aliwekewa njia ya kupewa fidia.

Huo mwaka 1909 una jambo jingine ambalo limenishughulisha sana. Tarehe 1 Januari mwaka huo huo, huko Uingereza, wazee waliofikia miaka 70 walianza kulipwa pensheni na serikali yao, shilingi 5 kwa wiki, hata kama hawakuwahi kuwa watumishi wa serikali. Haikuwa kwa wote: ilimpasa mzee athibitishe kuwa ni maskini, na tena kuwa ni mtu mwenye mwenendo mwema. Hata hivyo ilikuwa ni haki iliyoandikwa. Waliotutawala walikuwa wamekwisha kujua kwamba uzee unaweza kuwekwa katika bajeti. Ujuzi huo haukupanda meli kuja Unguja. Sisi tulibakiwa na wakfu, na jirani, na Welezo.

Wakfu nao nisiupite haraka, kwa kuwa ulikuwa jambo kubwa hapa kwetu. Mji Mkongwe ulijaa nyumba zilizowekwa wakfu: nyingine kwa ajili ya msikiti, nyingine kwa kizazi cha mwenyewe, nyingine ili maskini wapate pa kulala. Huku Ng'ambo nako, wenye ardhi wengi waliwaachia watumwa wao wa zamani wajenge vibanda na kukaa bila ya malipo. Ilikuwa ihsani ya kweli. Lakini ihsani hukaa mkononi mwa mwenye nayo. Mji ulipokua na ardhi ikapanda thamani, watu walianza kudaiwa kodi ya kiwanja walichokuwa wakikaa bure, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Nikiusoma mgomo ule sasa, nawaona ndani yake vizee walioahidiwa kwa mdomo kwamba watakaa mpaka kufa kwao, wakashtuka kuona ahadi imekufa kabla yao.

Basi zamani ile tunayoisifu ilikuwa na milango mitatu: mlango wa ukoo, mlango wa bwana na mlango wa sadaka. Mwenye ukoo alitunzwa vizuri, nami siwezi kulikana hilo. Bibi yangu mzaa mama alifariki mikononi mwa binti zake watatu, na hata siku moja hakulala na njaa. Ila milango yote mitatu ilikuwa na sifa moja. Mzee alikuwa nje akibisha, na wa kufungua alikuwa mtu mwingine.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalinikuta na miaka 14. Mengi yameandikwa juu ya siku zile, ya fahari na ya huzuni, na hapa si mahali pake. Katika jambo hili la wazee, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilifanya ambalo halikuwahi kufanywa: ilisema kwamba mzee asiye na mtu ni mtu wa serikali. Yakawekwa makao ya wazee Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani kwa upande wa Pemba, wakilishwa, wakivishwa na kutibiwa bila ya malipo. Wengi wa walioingia walikuwa ndio akina Babu: wachuma karafuu, mahamali, watu waliotumia nguvu zao hapa na wasiwe na pa kurudi. Kuwapa nyumba lilikuwa ni deni kulipwa.

Lakini haya haiondoki kwa kujenga ukuta mpya. Mitaani mtu aliendelea kusemwa, "Wamempeleka Sebleni," kwa sauti ile ile ambayo zamani ilisema Welezo. Aibu ilimwangukia mzee, na aliyestahili kuibeba alikuwa mwingine. Haya nayajua kwa sababu nimo ndani yake.

Mwaka 1988 niliwachukua wanafunzi wangu wa darasa la saba kwenda kuwatembelea wazee wa Sebleni. Tulichanga sukari, sabuni na kanga chache. Nilitengeneza hotuba fupi juu ya wajibu wa vijana. Nikiwa nahutubia, mzee mmoja aliyekaa mwisho wa kibaraza aliniita kwa jina langu la utotoni, jina ambalo mjini hapa walikuwa wakilijua watu wasiozidi kumi. Nikageuka. Alikuwa ni maalim wangu wa chuoni, aliyenifundisha alifu na be kwa ubao na wino wa masizi, yeye aliyenishika mkono nikiwa sijui hata kukaa vizuri juu ya jamvi.

"Mwanangu, umekuwa mkubwa," alisema. "Endelea, usikatize maneno yako. Ni mazuri."

Sikuweza kuendelea. Nilikaa karibu naye, nikambusu mkono. Hakuwa na mtoto. Mkewe alikuwa amefariki. Macho yalikuwa yamepungua hata hawezi tena kusomesha. Hakulalamika. Aliniomba kitu kimoja, miwani, ili aweze kusoma msahafu wake mwenyewe badala ya kungoja mtu wa kumsomea. Nikamwahidi.

Miwani niliitafuta, na ilichukua miezi miwili kupatikana. Ilipopatikana nilimpa mwanafunzi ampelekee, kwa kuwa siku ile nilikuwa na kikao cha mitihani. Nikasema nitakwenda mwenyewe wiki ijayo. Baadaye ukaja mwezi wa Ramadhani, kisha mitihani ya taifa, kisha likizo. Habari ya kufa kwake niliipata msikitini, wiki tatu baada ya kuzikwa. Maalim yule alifundisha watoto wa mitaa minne kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Kama kila tuliyefundishwa naye angelikwenda siku moja tu kwa mwaka, asingekosa mgeni hata Ijumaa moja. Tulimwita asiye na mtu, na watu wenyewe tulikuwa ni sisi.

Tangu siku ile niliazimia kwamba mama yangu hatakosa kitu. Hayo ndiyo yaliyotokana na maneno yake ya juu ya mkeka. Baba alifariki mwaka 1991, nikamchukua mama nyumbani kwangu. Nilimnunulia nguo kila sikukuu. Dawa zake nilizilipia mimi. Chakula alitengewa kwanza kuliko sisi sote. Nilipostaafu na kipato kikapungua, nilipunguza vyangu, vyake sikuvigusa. Wakati wa mazungumzo ya barazani nilikaa kifua mbele, kwani mimi nilikuwa mfano.

Ikafika mwaka 2016. Serikali ya Zanzibar, chini ya Dk. Ali Mohamed Shein, ilianzisha Pensheni Jamii: kila mzee wa miaka 70 na kuendelea kulipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi serikalini au hakufanya, awe na mtoto au hana, awe tajiri au fukara. Fedha zilitoka katika bajeti ya Zanzibar yenyewe, na malipo yalianza mwezi wa Aprili kwa wazee zaidi ya 20,000 wa Unguja na Pemba. Katika Afrika Mashariki hakukuwa bado na pensheni ya namna ile iliyomjumuisha kila mzee bila ya kumuuliza hali yake. Visiwa vidogo, mfuko mdogo, na jambo lile likafanyika.

Watu wa sheha walipokuja mtaani kuandikisha, nilikutana nao mlangoni. Mama alikuwa ndani, na umri wake wakati huo ulikuwa miaka 91. Niliwaambia kwa adabu: "Wapeni wenye shida. Mama yangu ana mtoto."

Sauti ikatoka chumbani. "Andikeni jina langu."

Nikaingia ndani. "Mama, una dhiki gani? Niambie nikuondolee."

"Sina dhiki, mwanangu. Andika jina langu."

Niliona uchungu, nami sitaki kulificha hilo. Nilijiona nimeumbuliwa mbele ya watu wa sheha. Mtaa utasema mwalimu mkuu anashindwa kumlisha mama yake mpaka anakwenda kupanga foleni ya elfu ishirini, pesa ambayo haizidi kilo kumi au zaidi kidogo za mchele. Lakini neno la mama ni neno la mama. Akaandikwa, na siku ya malipo nikampeleka.

Alizihesabu zile noti mara mbili, akazifunga katika pembe ya kanga. Nikafikiri atanunua tambuu. Jumamosi iliyofuata akaniambia niite gari, anakwenda harusini Mwembetanga, kwa mjukuu wa shoga yake. Nilishangaa, kwa sababu kwa miaka kama kumi mama alikuwa hendi harusi yoyote. Kila akialikwa alisema miguu inamuuma. Alikwenda, akarudi saa nne ya usiku, macho yanang'ara. Nikamuuliza habari ya miguu. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

"Miguu yangu haikuwa mibaya hivyo. Mtu haendi harusini mikono mitupu. Wenzangu walinitunza mimi nilipooza watoto wangu. Na mimi nende nikakae tu, nile wali wa watu? Nikuombe wewe pesa ya kutunza, wakati unaninunulia dawa? Miaka yote hii mnanitunza, mwanangu, Mungu akulipeni. Na mimi nilitaka nitunze."

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo haya mawili. Kumtunza mtu ni kumlea na kumhifadhi. Na kumtunza bibi harusi, au mwimbaji wa taarabu, ni kumtuza zawadi mbele ya watu. Nimesomesha Kiswahili miaka 39 na sikupata kuyaweka maana hizi mbili pamoja. Mama aliziweka pamoja katika sentensi moja. Nilimtunza kwa maana ya kwanza mpaka nikamnyima ya pili. Nilimpa kila kitu isipokuwa cha kumpa mtu mwingine, na kwa hivyo nilimtoa katika jamii ya wenzake bila ya kujua, huku nikijisifu barazani.

Nilikumbuka methali tuliyokuwa tukiikaririsha darasani: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Siku zote niliifundisha kama onyo kwa wavivu. Sikuiona kama ni maneno ya mzee anayeona haya kuomba.

Mama aliishi miaka miwili zaidi. Katika muda huo alihudhuria harusi saba, akazika wenzake watatu na mkononi ana ubani wake mwenyewe, na kila mwezi alimpa kitukuu wake shilingi elfu moja ya skuli kwa masharti makali. Alifariki mwaka 2018, usiku, nyumbani. Pembeni ya kanga yake tulikuta shilingi 6,500. Nilijua zilikuwa za harusi ya mwezi ule, nikazipeleka.

Sisemi kwamba pesa ndiyo dawa ya uzee. Ninaye rafiki yangu Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, mwenye watoto wanne. Mmoja yuko Maskati, wawili Uingereza, mmoja Canada. Kila mwezi hutumiwa fedha ambazo mimi sijapata kuzishika. Nyumba ni ya ghorofa tatu, naye anakaa chumba kimoja cha chini kwa sababu hawezi ngazi. Watoto wake humpigia simu kila Ijumaa, na wala siwalaumu. Wengi waliondoka katika visiwa hivi tangu mwaka 1964 kwa sababu zao, na wengine wanaondoka leo kutafuta riziki. Lakini siku alipoteleza bafuni, alikaa sakafuni tangu alfajiri mpaka muuza mkate alipogonga mlango saa tatu. Simu ilikuwa juu ya meza, hakuifikia. Yeye ana cha kutunza na hana wa kumtunza. Maalim wangu alikuwa na wa kumpa chakula na hakuwa na mtu. Mama alikuwa na mtu na hakuwa na cha mkononi. Mzee anahitaji vyote viwili, na kimoja hakilipi deni la kingine.

Ndiyo maana nafurahi kwamba mambo hayakuishia kwenye elfu ishirini. Mwaka 2020 Zanzibar ilipata sheria yake ya masuala ya wazee, na katika uongozi wa Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka huo huo, pensheni ile imepandishwa hadi shilingi 50,000. Kwenye bara la Kenya nako, tangu mwaka 2018, wazee waliofikia miaka 70 wamewekewa malipo yao. Wazee tunaweza kusema bado ni kidogo, na ni kidogo kweli. Ila mwanamke yule wa mwaka 1897, aliyeulizwa atakaa wapi na atakula nini, angeona ajabu kwamba siku moja swali hilo serikali itajiuliza yenyewe.

Mimi nilitimiza miaka 70 mwaka 2019. Kwa kuwa ninayo pensheni yangu ya ualimu, nilifikiri nisijiandikishe. Kisha nikamkumbuka mama, nikaenda. Kijana aliyekuwa akiandika alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, niliyepata kumchapa kwa kuchelewa. Alisimama, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akanionesha pa kutia dole gumba ingawa anajua kwamba naweza kutia saini. Nikatia dole. Sikuona haya.

Barazani juzi mazungumzo yalipofika pale pale pa kila siku, nilisema kwa mara ya kwanza kwamba zamani haikuwatunza wazee wote. Nikawaeleza habari ya Babu, nilivyoziba pua nikakimbia. Kikapita kimya. Kisha mkubwa wetu, yule wa miaka 81, akasema kwamba na mtaani kwao alikuwapo mmoja. Na mwingine akasema hata kwao. Ikawa kila mmoja ana Babu wake ambaye hakuwahi kumtaja. Tulikubaliana Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi twende kwa rafiki yangu wa Kiponda, tukanywe kahawa kwake badala ya hapa. Tumekwenda mara nne. Yeye ndiye anayelipia kahawa, na tunamwacha alipe.

Nawe msomaji, hasa kijana, kama una mzee nyumbani na unamlisha vizuri, Mungu akujaze kheri. Lakini leo ukirudi, usimuulize amekula nini. Muulize kama analo la kumpa mtu.